Kabla Hujaacha Ngano

Kama umeambiwa, au umeanza kushuku mwenyewe, kwamba tumbo linalokusumbua miaka yote hii huenda ni ugonjwa wa seliaki, ombi langu la kwanza kwako litakushangaza: usiache chapati bado. Endelea kula ngano mpaka damu yako itolewe na utumbo wako uangaliwe. Mimi niliacha mapema, na kosa hilo lilinirudisha nyuma miezi mingi.

Naishi Uyole, Mbeya. Kwa karibu miaka minne nilikuwa naharisha na kupona, naharisha na kupona. Tumbo lilijaa gesi kila baada ya chai ya asubuhi, na damu ilikataa kupanda hata nilipomeza vidonge vya madini ya chuma pakiti kwa pakiti. Nilitibiwa taifodi, amiba, minyoo, kisha vidonda vya tumbo. Jirani mmoja mwenye nia njema akanishauri niache ngano, nami nikaacha. Ndani ya wiki tatu nilikuwa mtu mwingine. Miezi minne baadaye nikaenda kupima kwa furaha ili nipate jina la ugonjwa wangu, na majibu yakatoka safi kabisa. Daktari wa pili niliyemwona aliyasoma, akaniuliza swali moja tu: "Dada, mara ya mwisho umekula mkate lini?" Nilipomjibu, akaweka kalamu chini.

Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza unapokutana na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, kwenye shayiri, na kwenye rai, nafaka ya nchi za baridi ambayo huku kwetu haionekani sana. Wengi huuita ugonjwa huu mzio, lakini hapa ni kinga ya mwili inayomgeukia mwenyewe. Ikiona gluteni inaushambulia ukuta wa utumbo mwembamba, na vile vijinyweleo vinavyofyonza chakula vinalala na kufutika. Vikishafutika, unaweza kula mboga na maini kila siku na bado madini ya chuma, foleti, kalsiamu na vitamini D yakapita bila kukufaa. Ndiyo maana wapo wagonjwa wasioharisha hata siku moja. Huyu ana upungufu wa damu usiopona, yule mimba zimeharibika mara kwa mara, mwingine ni mtoto aliyedumaa ilhali sahani yake hurudi tupu, au mtu mwenye vipele vya kuwasha viwikoni na magotini. Sasa ukiacha ngano, kingamwili zinapungua na utumbo unaanza kujijenga. Kipimo kikija wakati huo kinaona mtu mwenye afya.

Mimi ilibidi nirudishwe kwenye mkate: vipande viwili kila siku, wiki 6 hadi 8, ndipo nipimwe upya. Wiki zile sitaki kuzisimulia.

Kwa hiyo, kabla hujapanda basi kwenda hospitali ya Mbeya mjini, Iringa au kwingine, piga simu. Waulize kama wanapima kingamwili inayoitwa tTG-IgA hapohapo au damu inasafirishwa, majibu yanachukua siku ngapi, gharama ni kiasi gani na bima yako inalipia sehemu gani. Andika jina hilo la kipimo kwenye karatasi uende nayo, usitegemee kumbukumbu. Omba pia wapime IgA yote kwa jumla, yaani lile kundi la kingamwili ambalo kipimo hicho kinalitegemea, kwa sababu wapo watu wachache ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha kwanza kinaweza kusema hamna ugonjwa wakati upo.

Damu ikionyesha dalili, mtu mzima kwa kawaida hupelekwa kwenye kipimo cha kamera, mrija mwembamba unaopitishwa mdomoni. Hapa simama imara. Watu wengi kwetu wanapigwa kamera kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na huenda safari ikaishia tumboni. Kwa seliaki kamera lazima ipite mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba na vipande vidogo vya nyama vichukuliwe, angalau vinne, hata kama kwa macho ukuta unaonekana mzuri, maana madhara huwa ya mabakamabaka. Uliza hilo kabla hujalipia. Siku yenyewe unakwenda bila kula tangu usiku, na unakwenda na ndugu, kwa sababu ukipewa dawa ya usingizi hutakiwi kurudi nyumbani peke yako. Vipande vinapelekwa kwa mtaalamu mwingine kusomwa kwa darubini, hivyo jiandae kusubiri; mimi nilisubiri wiki tatu.

Jambo jingine: usikasirike daktari akitaka kukupima VVU, kifua kikuu cha tumbo, au choo kwa ajili ya jiadia, kijidudu cha utumbo. Mazingira yetu yana magonjwa kadhaa yanayoharibu utumbo kwa namna inayofanana na hii, na daktari anayeyaondoa moja moja anakufanyia haki.

Ukishathibitishwa, ngano inaondoka maishani mwako moja kwa moja. Hakuna dawa ya kumeza, na hakuna "kidogo tu siku ya sikukuu". Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu 2 hivi. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa ulionyesha kwamba hata miligramu 50 kwa siku, zikiendelea kwa miezi, zinatosha kuumiza utumbo. Hayo ni makombo yanayobaki mezani baada ya chai. Kanuni za kimataifa za chakula zinaruhusu kitu kiitwe hakina gluteni kikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Nilipolielewa hilo ndipo nilipoacha kubishana na nafsi yangu kuhusu nusu andazi.

Lakini nyanda zetu hizi zina neema, na nataka uijue kabla hofu haijakushika. Mahindi, mchele wa Kyela na wa Mbarali, ulezi, mtama, viazi mviringo vya Njombe, viazi vitamu, magimbi, ndizi za Tukuyu, maharage, njegere, maziwa, parachichi: vyote hivi havina gluteni. Ugali wa dona na maharage, chakula walichokula bibi zetu kabla maandazi hayajatawala kila kiamsha kinywa, ndicho hichohicho mgonjwa wa Ulaya anachokitafuta dukani kwa bei kubwa kwenye pakiti yenye alama. Tena uhusiano wa ngano na ugonjwa huu ulianza kueleweka kupitia uhaba. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Baridi ya njaa ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika nchini kwake, ikampa nguvu ya kulifuatilia, na mwaka 1950 akaliandikia tasnifu yake. Watoto aliokuwa akiwatibu walipata nafuu walipokosa kile ambacho wengine walikililia.

Hatari yetu basi iko mashineni. Tembelea mashine unakosagia kabla ya kupeleka debe la kwanza. Mitaa mingi ina mashine ya mahindi tu, ya sembe na dona, na pembeni yake ipo nyingine ya "mchanganyiko", ambako watu wanasaga ulezi, soya, karanga, mchele na ngano ndani ya tumbo hilohilo la chuma. Ulezi wako ukipita pale unatoka na ngano ya mteja aliyekutangulia. Wanaoishi Makete au milima ya Umalila, ambako ngano inalimwa, wanapaswa kuwa makini zaidi, kwani huko hata mashine ya kawaida huisaga. Mimi nilizungumza na mwenye mashine kwa heshima, nikamweleza kwamba ni maagizo ya daktari. Sasa naupeleka ulezi kwenye mashine ya mahindi asubuhi, zinapita kwanza kilo mbili za mahindi yangu, ambazo nawapa kuku, ndipo ulezi unafuata. Nalipia zote. Kama huwezi kupata mashine ya namna hiyo, kinu na mchi bado vinafanya kazi.

Uji wa lishe uliokwishasagwa, ule wa kwenye mifuko sokoni Mwanjelwa au dukani, uweke pembeni kabisa. Mara nyingi una ngano, na muuzaji anakwambia kwa fahari kwamba ameweka nafaka saba. Inaniuma kumwona mama akimnywesha mtoto anayedhoofika uji huo ili apate nguvu. Mwenye mtoto wa hivyo asage mwenyewe mahindi, ulezi na soya. Akiongeza karanga, azichague vizuri zisiwe na ukungu.

Jikoni kwako amua mapema: ama nyumba nzima iache ngano, ama vyombo vitengwe. Kibao cha kusukumia chapati na mwiko wa mbao hushika unga kwenye nyufa, na chujio ni gumu kusafisha. Nilinunua vyangu, nikavifunga uzi mwekundu, na dada wa kazi anajua. Unga wa ngano ukipepetwa unaelea hewani, hivyo siku wanangu wanapotaka maandazi hupikiwa kwa shangazi yao.

Nje ya nyumbani, chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga sambusa. Vitumbua vinatakiwa kuwa vya mchele, lakini wapo wanaoongeza ngano ili vishikane, vilevile bajia za dengu. Mchuzi wa nyama kwenye shughuli unaweza kuwa umeongezwa unga ili uwe mzito, na mchuzi wa soya wa chupa karibu wote una ngano. Uliza, usione haya. Bia ya kawaida ni ya shayiri. Ulanzi ni utomvu wa mianzi, hauna shida hiyo. Pombe ya kienyeji na togwa uliza kimea chake: cha ulezi sawa. Pakiti nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo jifunze kuyatambua maneno wheat, barley, rye, malt na semolina hata kwa maandishi madogo.

Kanisani nako kunahitaji maandalizi, na ni jambo ambalo hakuna daktari aliyenikumbusha. Hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo, ni ngano. Kwa Wakatoliki, Vatikani iliandika mwaka 2003 kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa, ila yenye gluteni kidogo sana inafaa, na asiyeweza hata hiyo anaweza kupokea kwa umbo la divai peke yake. Muone paroko wako siku ya kawaida, si dakika tano kabla ya Misa, na umwombe kalisi yako, kikombe cha divai, iwe ya pembeni, kwa sababu katika ile ya altare padri hudondosha kipande cha hostia. Walutheri na Wamoraviani wazungumze na mchungaji mapema vivyo hivyo.

Kwa ndugu ndiko kulikoniumiza zaidi. Mama mkwe wangu yuko Tukuyu, na kukataa chapati aliyoiamkia alfajiri kunaonekana ni kumkataa yeye. Safari ya kwanza baada ya majibu nilimtanguliza wifi yangu aseme naye. Nilipofika nikapiga magoti, nikamwambia mwenyewe: "Mama, mwili wangu unaikataa ngano, daktari amesema ni ya maisha yote. Naomba unipikie ndizi." Akanitazama muda mrefu. "Mwanangu, hivi ulikuwa unakula chapati zangu huku unaumia, na mimi nakuongeza?" Akaenda mwenyewe mgombani. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewakemea wageni wanaonisukumia biskuti.

Mtoto wa bweni anahitaji barua ya daktari mkononi mwa mkuu wa shule na matroni kabla muhula haujaanza, pamoja na unga wake wa uji kwenye ndoo yenye mfuniko na jina. Safari ya Dar es Salaam nabeba viazi vya kuchemsha na mayai. Njiani naongeza ndizi mbivu au mahindi ya kuchoma.

Miezi ya mwanzo maziwa yanaweza kukusumbua, kwa sababu utumbo ulioumia hukosa uwezo wa kuisaga sukari yake. Mara nyingi hali hiyo hupita. Damu irudiwe kupimwa baada ya miezi 6 na baada ya mwaka, pamoja na kiwango cha madini ya chuma, na muulize daktari kuhusu mifupa. Kingamwili hushuka taratibu. Utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi kupona, wa mtoto hupona upesi zaidi, kwa hiyo usikate tamaa mwezi wa pili.

Na waite ndugu zako wa damu. Duniani kwa ujumla seliaki inakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 100, lakini kwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja na mgonjwa inakaribia 1 kati ya 10, hata akiwa hana dalili yoyote. Wanangu wawili wamepimwa, hawana. Mdogo wangu wa Makambako, ambaye damu yake nayo haipandi, anakwenda kutolewa sampuli mwezi ujao. Jana alinipigia simu kuniambia ameshaanza kuacha mkate ili ajiandae. Nikamwomba airudie chai yake na chapati leo hiihii, mpaka siku ya kipimo.