Somo: Kulinganisha hali za sayari bila kuchanganya vipimo

Naandika mara moja ili anayeuliza tena jinsi ya kulinganisha sayari aelekezwe hapa. Ukinakili namba kutoka majedwali matatu yaliyopimwa kwa njia tofauti, ulinganisho wako hauna maana. Twende.

1. Chora jedwali: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni.

2. Umbali kutoka kwenye Jua: wa Dunia uwe 1. Zuhura 0.72, Mirihi 1.52, Neptuni 30.

3. Mwanga: zidisha umbali kwa umbali, kisha gawa 1 kwa jibu hilo. Mirihi hupata 0.43 ya mwanga wetu, Neptuni sehemu moja ya 900.

4. Mvutano: gawa tungamo (wingi wa maada ya sayari) kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe (vya Dunia vyote viwe 1), kisha zidisha kwa 9.8, mvutano wa Dunia kwa mita kwa sekunde kwa sekunde. Mirihi: 0.107 ÷ (0.532 × 0.532) × 9.8 = 3.7.

5. Halijoto (kwa nyuzi za Selsiasi) na kanieneo, yaani mgandamizo, la hewa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kila halijoto iandikwe pamoja na MAHALI ilipopimwa. Zuhura ni nyuzi 464 ardhini, chini ya kanieneo mara 92 ya letu. Mshtarii hauna ardhi ya kukanyaga. Ile -108 mnayoinukuu ni ya tabaka la mawingu ambako kanieneo ni baa 1, karibu sawa na letu la usawa wa bahari. Ukiteremka zaidi, joto linapanda kwa maelfu. Kwa hiyo kuweka 464 na -108 kwenye safu moja bila maelezo ni kosa. Panda Zuhura hadi kilomita 50 hivi, penye baa 1, utakuta nyuzi kama 70 tu. Mirihi haifiki baa 1 popote; ardhini ni takriban 0.006.

Onyo jingine: Utaridi ina 430 mchana na -180 usiku. Andika zote mbili, usitafute wastani.

6. Siku: taja ni ipi. Zuhura hujizungusha kwa siku 243 za Dunia, ila toka macheo hadi macheo ni 117. Utaridi ni 59 na 176.

MASWALI

— Mkuu, yenye joto kuliko zote si Utaridi? Ndiyo iliyo jirani na Jua.
Jibu: Soma hatua ya 5. Ni Zuhura. Angahewa yake nzito ni kaboni dayoksaidi kwa zaidi ya asilimia 96, joto halitoki.

— Naomba jedwali lililojazwa, nawasilisha kesho.
Jibu: Hapana. Kikokotoo kinatosha.

— Nimerudia mvutano wa Zohali mara tatu, napata 10.4. Tungamo mara 95 ya Dunia, kweli?
Jibu: Uko sahihi, na umefanya vyema kutilia shaka. Kipenyo chake ni mara 9.45, ukikizidisha kwa chenyewe ni 89, na 95 kwa 89 ni kama 1 na ushee. Zohali ni nyepesi kwa ukubwa wake, densiti yake iko chini ya ya maji. Ukikuta 9 kwenye jedwali jingine, wamekwisha kutoa athari ya kujizungusha kwake kwa kasi, kama saa 10 na nusu kwa mzunguko, pale ikweta.

— Neptuni hupata chini ya nusu ya mwanga wa Uranusi. Mbona halijoto zao, -201 na -197, zinakaribiana hivyo?
Jibu: Swali zuri sana. Neptuni ina joto lake la ndani: hutoa zaidi ya mara mbili ya lile inalopokea kutoka kwenye Jua. Uranusi hutoa kidogo mno kutoka ndani. Hivyo hatua ya 3 peke yake haitabiri halijoto.

— Nyongeza: mimi nimekuta Mshtarii 165, si -108.
Jibu: Hiyo ni Kelvini, kipimo kingine cha halijoto. Toa 273 upate Selsiasi.