Kamba ya miaka, mkono na frasila: hesabu ndani ya somo la historia nyumbani

"Sultani alikuwa na ngamia 5, akanunua 3. Sasa ana wangapi?" Hiyo si historia, ni kujumlisha kulikovishwa kanzu, na mtoto hulitambua hilo upesi. Masomo haya mawili yanafaa kukaa pamoja pale tu hesabu inapojibu jambo ambalo masimulizi yenyewe hayalijibu: zamani hiyo ni zamani kiasi gani? Mzigo ulikuwa mzito vipi? Safari ilikula siku ngapi? Mifano iliyopo hapa ni ya pwani ya Afrika Mashariki, kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9. Vipindi 2 kwa wiki vinatosha, dakika 30 hadi 40 kila kimoja. Ukizidisha hapo, utakuwa unasoma peke yako.

Kamba ya miaka

Anza na hii, kwa sababu mengine yote yataning'inia juu yake. Unahitaji kamba ya katani ya mita 7 na nusu, tepu ya fundi cherehani, kalamu ya wino mzito, vibanio vya nguo na vipande vya karatasi ngumu. Usitumie uzi wa sufu wala mpira: huvutika, na miaka ikivutika somo limeharibika.

Kipimo ni sentimita 1 kwa mwaka 1. Ncha ya kushoto andika 1300. Kisha pima mita 1, tia alama, andika 1400. Endelea hivyo hadi 2000. Kipande kinachobaki kulia kiache kitupu, ni cha miaka ijayo. Angalia hapa: tepu ya fundi ina sentimita 150, na mtoto akiachwa ataitandaza yote kila mara, karne zake zote ziwe na miaka 150. Bana kibanio kwenye 100 kabla hujampa.

Alama za mia zimalizike zote ndipo matukio yaingie, na kila tukio lipimwe kutoka kwenye mia iliyo nyuma yake. Ukilipima kutoka kwenye tukio lililotangulia, kosa la sentimita 2 mwanzoni litatembea hadi mwisho wa kamba.

Matukio machache yanatosha: 1331, msafiri Ibn Battuta wa Moroko afika Kilwa, 1498, baharia Mreno Vasco da Gama afika Malindi, 1593, Wareno waanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, 1698, Waomani waitwaa, 1873, soko la watumwa Zanzibar lafungwa, 1961, Uhuru wa Tanganyika, 1963, Uhuru wa Kenya. Sasa mtoto atie mwaka wake mwenyewe wa kuzaliwa. Akiwa na miaka 7, maisha yake yote ni sentimita 7. Kiganja chake kinayafunika. Mwache atazame hapo kwa muda, usimkimbize.

Kata kijiti cha sentimita 70, kiite "bibi mmoja". Akipange kutoka leo kurudi nyuma hadi kwa Ibn Battuta. Vitaingia vijiti karibu 10. Mtoto ambaye 1331 haimwambii kitu ataelewa "bibi 10, mmoja baada ya mwingine".

Ibn Battuta alizaliwa 1304. Alikuwa na umri gani alipofika Kilwa? Usimpangie kutoa kwa wima bado. Mwache arukie juu ya kamba: kutoka 1304 hadi 1310 ni 6, hadi 1330 ni 20, hadi 1331 ni 1. Jumla 27. Aliyezoea kuruka hivi hatababaika baadaye na kukopa.

Mtego wa karne unawanasa hata wazazi: 1331 imo katika karne ya 14, si ya 13. Mweleze kwa umri wake. Mtoto aliyetimiza miaka 6 anaishi mwaka wake wa 7.

Kwa kugawanya, chukua kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu. Jeshi la Oman lilianza kuizingira Machi 1696, ikaanguka Desemba 1698: miezi 33. Hesabu punje 33 za maharagwe, agawe mafungu ya 12. Yanatoka mafungu 2 na punje 9, yaani miaka 2 na miezi 9. Ukimwambia "karibu miaka 3" bila maharagwe, baki linapotea, na baki ndilo somo.

Mkono wa nani?

Vipimo vya zamani vya pwani mtoto anavyo mwilini. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa. Shibiri 2 ni dhiraa 1, ndiyo mkono. Dhiraa 2 ni wari, dhiraa 4 ni pima.

Tandika kanga sakafuni, mtoto apime urefu wake kwa dhiraa: kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, si kuishia kwenye kifundo, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kanga ya sentimita 150 mtu mzima ataipima dhiraa 3 na kitu. Mtoto wa miaka 7 atapata 4 na zaidi, pengine akaribie 5. Wala hakuna aliyekosea. Sasa uliza: ukienda kununua kitambaa, ungependa apime mwenye mkono gani? Na ukiwa wewe ndiye muuzaji? Hapo mtoto anajua mwenyewe kwa nini wafanyabiashara walihitaji kipimo kimoja kwa wote.

Nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba 2 ni kisaga, vibaba 4 ni pishi. Kikombe chochote kifanye kibaba, kwa sharti kisibadilishwe katikati ya kipindi. Mchele ujazwe, ukatwe kwa mgongo wa kisu. Kikombe cha kichuguu na kikombe cha kukatwa si kibaba kile kile.

Frasila na mpagazi

Frasila ni kama kilo 16. Tia lita 16 za maji katika dumu la lita 20, umepata frasila 1. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alibeba karibu frasila 2. Mtoto ajaribu kulisukuma dumu moja sakafuni, asilinyanyue. Kisha apimwe uzito wake mwenyewe. Wengi wa umri huu ni wepesi kuliko mzigo wa mpagazi.

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200. Wakienda kilomita 15 kwa siku, siku 4 zinatoa 60. Mwache atafute 60 ngapi zinafika 1,200: ni 20. Basi siku 80, bila kupumzika hata siku moja, bila mvua wala mgonjwa. Kama ameshajua kalenda, ahesabu siku 80 kuanzia leo.

Katika njia hizo walikuwamo wapagazi wa kulipwa, Wanyamwezi wakiwa maarufu, na walikuwamo watu waliotekwa. Liseme hilo waziwazi kwa maneno ya umri wake. Ila usitunge hesabu za kununua na kuuza watu. Hilo lizungumzwe, lisiwe zoezi.

Rupia

Kabla ya shilingi, rupia 1 ilikuwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa. Hii ni zawadi kwa anayejifunza nusu: 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1, hakuna baki. Tumia vifuniko vya chupa 64. Kisha ajaribu senti 100: 50, 25, halafu anakwama. Asiambiwe mapema kwamba atakwama.

Bwawa la pembe 8

Katika magofu ya kasri la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, kuna bwawa la kuogea lenye pembe 8. Chukua karatasi nyembamba ya mraba, sentimita 20 kila upande. Ikunje nusu, kisha nusu tena upate mraba mdogo. Tafuta kona ambayo ni kitovu cha karatasi, ile isiyo na ncha zilizo wazi, ukunje mshazari kupitia hapo. Kutoka kitovuni pima sentimita 8 kwenye kila mkunjo, unganisha alama kwa rula, kata. Ukikunjua, pande 8 ziko sawa. Pembe zikitoka kali na butu kwa zamu, alama mbili hazikuwa na umbali mmoja kutoka kitovuni. Karatasi ikidondoka vipande vipande, kitovu kilikuwa kona nyingine.