Mguu wa nyuma wa farasi unaouma leo na kesho hauonyeshi: jinsi ninavyoufuatilia

Fundi wa kwato ndiye aliyeona kwanza. Aliinua mguu wa nyuma wa kushoto wa Kibuyu, akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya kiatu, akasema, "Saisi, hii imelika. Ya kulia bado nzima." Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimempanda kwenye barabara ya changarawe huku Karen, Nairobi, na sikuhisi kitu. Kibuyu ni farasi mwekundu aliyehasiwa, ana miaka 11, na alikimbia mashindano pale Ngong kabla ya kuja kwetu kufundishia watoto. Kuna siku anachechemea kidogo, halafu siku nne anatembea vizuri kabisa. Ukimwita daktari, anakuta farasi mzima.

Kwa hiyo kazi ya saisi, mtunza farasi kama mimi, ni kukusanya ushahidi kabla daktari hajafika.

Anza na masikio. Mwenzako amwongoze farasi kwa mwendo wa matiti (mbio za polepole) juu ya ardhi ngumu na tambarare, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru. Wewe fumba macho. Matiti ni mapigo mawili yanayolingana; mguu unaoburuta ncha husikika ukikwaruza kabla haujatua. Kisha bandika kipande cha plasta nyeupe kila upande, pale mfupa wa nyonga unapochomoza. Simama nyuma yake kabisa, umrekodi kwa simu akienda matiti, halafu itazame video kwa mwendo wa polepole. Mara nyingi plasta ya upande unaouma hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Macho yangu, pamoja na miaka 19 ya kazi hii, hayakuona tofauti ile mpaka nilipobandika plasta.

Kichwa kinaweza kukupoteza. Farasi anayeumwa mguu wa nyuma wa kushoto anaweza kutikisa kichwa akienda matiti kana kwamba tatizo liko mguu wa mbele wa kushoto. Tazama nyonga kabla hujaanza kulaumu mguu wa mbele.

Msikilize pia anayempanda. Msichana mmoja wa Jumamosi aliniambia, "Mwalimu, nikiinuka na kukaa kwa upande huu ananirusha, kwa ule mwingine hanirushi." Nilidhani vikuku, vile vya kukanyagia miguu kwenye tandiko, havikulingana. Nilivipima, vilikuwa sawa. Mtoto alikuwa ameshahisi kile ambacho mimi nilikuwa bado nakitafuta. Dalili nyingine ni farasi anayekataa kuanza shoti (mbio za kasi kuliko matiti) kwa upande mmoja, au anayebadilisha miguu ya nyuma katikati ya shoti huku ya mbele ikiendelea vilevile. Tafadhali usikimbilie fimbo. Dkt. Sue Dyson wa Uingereza na wenzake waliorodhesha tabia 24 za farasi aliyepandwa, kama kulaza masikio, kupigapiga mkia na kufungua mdomo. Zikionekana 8 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ana maumivu. Mengi tunayoyaita ukaidi yamo humo. Nami niliwahi kumwita Kibuyu mvivu, na neno hilo linaniuma hadi leo.

Baada ya hapo fungua daftari. Andika tarehe, aina ya ardhi, kazi aliyofanya jana, alichechemea dakika ya ngapi, na akizunguka upande gani. Mzungushe kwa kamba ndefu kulia na kushoto, kwenye mchanga na kwenye ardhi ngumu, maana kila uwanja husema lake. Wiki tatu zilitosha kunionyesha mpangilio: Kibuyu alikuwa mbaya Jumanne, baada ya kupumzika Jumatatu, na dakika kumi za mwanzo tu. Baadaye alilainika. Mara nyingi hivyo ndivyo viungo vilivyochakaa hufanya. Kano iliyoumia, kinyume chake, huelekea kuzidi kadiri kazi inavyoendelea. Na ikiwa mguu unakakamaa ukiwa umenyooka nyuma, kisha unaachia ghafla kwa mruko, hasa kwa farasi mchanga asiye na misuli anapotoka bandani, huenda pia ya goti la nyuma, ule mfupa mdogo wa mbele ya goti, inanasa.

Usisahau mambo mepesi. Shika kwato zote kila asubuhi ulinganishe joto, na tafuta mapigo ya damu juu ya kisigino. Yakidunda kwa nguvu mguu mmoja, shuku jipu ndani ya ukwato. Msimu wa tope, Aprili na Mei, chokonoa kwato ukanuse kama zimeanza kuoza. Kagua tandiko na mgongo pia. Farasi asiyekanyaga kabisa, au aliyevimba na kupata joto mguuni, hasubiri daftari. Mwite daktari siku hiyo hiyo.

Dawa ya maumivu usimpe kwa kubahatisha. Itaficha kile kidogo ulichokuwa ukikitafuta, na daktari atakuta farasi aliyenyamazishwa.

Nilipoita daktari nilimpa daftari na video, na nilimwomba aje Jumanne asubuhi kabla Kibuyu hajatoka bandani. Kwenye kipimo cha Marekani cha kuchechemea, cha 0 hadi 5, alimpa 1: ngumu kuona, na haionekani kila mara. Alikunja mguu ule kwa dakika moja, akauachia, tukamkimbiza; hatua za kwanza zilikuwa za kuchechemea waziwazi. Kisha zikaja sindano za ganzi, kuanzia chini kupanda juu, tukimkimbiza baada ya kila moja. Ni kazi ya nusu siku, inahitaji subira na pesa, lakini bila hiyo eksirei hupigwa kwa kukisia. Ganzi ilipofika kwenye kifundo kikubwa cha mguu wa nyuma, Kibuyu alitembea sawa. Picha zilionyesha viungo vidogo vya chini ya kifundo hicho vimechakaa.

Alichomwa sindano ndani ya kiungo, akapumzishwa, kisha akarudishwa kazini polepole. Sasa hana siku ya kusimama bandani mchana kutwa. Hata Jumatatu anaachiwa uwanjani. Kabla ya matiti anatembea dakika 20, na duara ndogo tumeziacha. Fundi alipokuja juzi, nilimpa kiatu kile cha zamani akiweke kando ya alichokitoa. Ncha imelika bado, ila safari hii ilibidi avisogeze vyote viwili mwangani ndipo aione.