Kuziba Boti ya Alumini Iliyotoboka na Kuizuia Isilike Zaidi

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia rafiki ambaye boti yake ilikuwa imezibwa mara mbili, na mara zote mbili kiraka kikabanduka.

Hatua ya 1: Tafuta panapovuja. Itegemeze boti nchi kavu, mimina maji ndani kidogo kidogo, na utie alama ya chaki nje kila panapochuruzika. Ng'oa pia sakafu, kwa maana sponji iliyoloa na kulalia bati kwa muda mrefu hulila kimyakimya, na dalili yake ni unga mweupe juu ya vishimo vidogo.

Hatua ya 2: Ribiti na nyufa. Ribiti (pini za chuma zinazounganisha mabati) iliyolegea igongwe upya, mtu mmoja akikinga kwa chuma kizito upande wa pili. Ufa utobolewe tundu la milimita 3 kwenye ncha yake ili usiendelee kupasuka.

Hatua ya 3: Kubandika kiraka. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Alumini ikikwanguliwa, hewa huifunika tena papo hapo kwa utando wa oksidi, na gundi ikipakwa kwa kuchelewa hushika utando huo badala ya kushika bati lenyewe. Kiraka changu cha kwanza nilikipigia msasa jioni nikakibandika asubuhi; baada ya wiki chache kilitoka kizima, na bati chini yake lilikuwa safi kana kwamba halikuwahi kuguswa na gundi.

Kwa hiyo, fukua vishimo mpaka unga mweupe uishe, osha kwa sabuni, suuza, kausha, kisha futa kwa asetoni na kitambaa safi, wala usipaguse tena kwa vidole. Kwangua kwa brashi ya waya wa chuma cha pua ambayo haijawahi kutumika kwenye chuma cha kawaida, kwa kuwa chembe za chuma zikibaki kwenye alumini huanzisha ulikaji mpya. Sufi ya chuma isitumike kabisa. Mara tu baada ya hapo, paka epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) nyembamba na uisugue kwa msasa namba 80 ingali mbichi, ili bati linalofichuliwa likutane na gundi kabla ya kukutana na hewa. Kiraka chenyewe, ambacho pia kiwe cha alumini na pembe zilizoviringwa, kitendee vivyo hivyo. Silikoni siipendekezi hata kidogo, kwa sababu mabaki yake huzuia gundi na rangi kushika baadaye. Tundu kubwa mpelekee mchomeleaji aliyezoea alumini, kwani bati huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi ilhali oksidi inayolifunika huhitaji zaidi ya 2,000.

Hatua ya 4: Rangi. Tanguliza rangi ya msingi ya epoksi, na usipake chini ya maji rangi yoyote yenye shaba.

Hatua ya 5: Kinga. Shaba na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Hata sarafu ya shaba iliyosahauliwa ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, inaweza kutoboa bati. Skrubu za chuma cha pua zitenganishwe na bati kwa washa za nailoni. Funga anodi (vipande vya metali vinavyoliwa badala ya bati) za zinki kwa maji ya chumvi au za magnesi kwa maji baridi, zigusane na bati tupu, zisipakwe rangi, na zibadilishwe zikishalika nusu.