Kuchagua na Kufunga Chanzo cha Hewa cha Loki za Difu

Difu ni seti ya gia kwenye ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu ya kulia na kushoto. Loki ya difu inayotumia hewa hufunga shafti za kulia na kushoto zizunguke kwa mwendo mmoja, hata kama tairi moja linaelea na jingine limezama kwenye udongo mweusi. Air Locker ya kampuni ya ARB ya Australia ndiyo inayojulikana zaidi, na kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70 ambazo hazikutoka kiwandani na loki za umeme, kifaa cha namna hii ndicho kinachochaguliwa mara nyingi na wenye magari ya safari za Serengeti na Maasai Mara. Wanunuzi wengi hutumia fedha nyingi kwenye loki yenyewe, kisha hewa ya kuiendesha huachiwa fundi afunge kwa vifaa vilivyobaki karakana.

Kinyume na inavyodhaniwa, loki haihitaji hewa nyingi. Mrija wa mita tano wenye tundu la milimita tatu hubeba mililita 35 tu. Hata ukiujaza hadi psi 100 na kuongeza chumba kidogo cha pistoni kilichomo ndani ya difu, hewa inayotumika kila swichi inapobonyezwa haifiki lita moja. Linganisha na tairi la inchi 16 la gari hilohilo, ambalo kulirudisha kutoka psi 18 hadi 35 baada ya kutoka mchangani huhitaji lita 60 hadi 80, na kwa matairi manne hesabu inakaribia lita 300. Kwa hiyo ukubwa wa kompresa, yaani pampu ya hewa, uchaguliwe kwa kufikiria matairi, ilhali namna ya kuifunga ifikiriwe kwa ajili ya loki, ambayo haidai wingi bali hewa kavu, yenye msukumo sahihi na isiyovuja.

Msukumo huo husomwa kwenye karatasi ya maelekezo ya loki yenyewe. Loki nyingi za zamani zilipangiwa psi 85 hadi 105, na baadhi ya kompresa za sasa huzimika zinapofika psi 150. Ukiunganisha kompresa mpya na loki ya zamani, weka regyuleta (kifaa cha kupunguza msukumo) katikati, la sivyo unaziweka oringi, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji ndani ya difu, kwenye hatari. Msukumo ukipungua nao una hasara yake, kwa sababu meno ya loki hukamatana nusu na kusagana wakati gari linavuta mzigo.

Kompresa ya umeme ya volti 12 yenye swichi ya msukumo, inayojiwasha na kujizima, ndiyo ninayoipendekeza kwa gari la kawaida. Pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti haifai, kwani haina swichi hiyo na haikutengenezwa kukaa imefungwa kwenye gari. Mafundi wengine hugeuza kompresa ya kiyoyozi iendeshwe na mkanda wa injini, nayo hutoa hewa nyingi kweli. Tatizo ni kwamba kompresa nyingi za namna hiyo hulainishwa na oili inayosafiri pamoja na gesi ya kiyoyozi, hivyo zikivuta hewa tupu hukauka na kukwama. Zile zenye bakuli lao la oili huvumilia, ila zinahitaji kichujio cha kutenga oili kabla hewa haijafika kwenye vali. Mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, kama ile inayotumika kwenye soda, ni mwepesi na wa haraka. Hata hivyo, ndani yake kuna msukumo wa takriban baa 57 (karibu psi 830) kwenye nyuzijoto 20, unaopanda sana gari likiachwa juani, na gesi ikivuja ndani ya kabini iliyofungwa inaweza kumkosesha mtu pumzi. Anayeuchagua aufunge nje ya kabini, ukiwa wima ili kimiminika kisiingie kwenye regyuleta.

Mahali pa kufungia kompresa hubishaniwa sana, ingawa kanuni ni chache: pawe mbali na eksozi na tabo, juu ya usawa wa maji ya mto unaotarajia kuvuka, na juu ya bamba la chuma lisilotikisika. Chini ya boneti nyaya huwa fupi lakini joto ni kali. Chini ya kiti joto ni kidogo ila kelele ni kubwa. Popote utakapoifunga, kichujio cha hewa kisiachwe kwenye vumbi. Kwa kutumia mrija, kipandishe kichujio juu karibu na kioo cha mbele au kiingize ndani ya kabini, kwa sababu vumbi laini la volkano la nyanda za Ngorongoro hupenya mahali ambapo mchanga wa kawaida haupiti. Kumbuka pia kwamba kwenye ukingo wa kreta, takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu robo, na kompresa itachukua muda mrefu zaidi kujaza kuliko ilivyokuwa ulipoijaribu Mombasa au Dar es Salaam.

Kompresa ya silinda moja inaweza kuvuta ampea 20 hadi 30. Umeme wake utoke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi iliyokaa karibu na betri, na swichi ya dashibodi iendeshe rilei tu, yaani swichi ya sumaku inayobeba umeme mkubwa. Vali za solenoidi za loki, yaani vali za umeme zinazoruhusu hewa iende kwenye loki, zipate umeme pale tu swichi ya kompresa ikiwa imewashwa, na loki ya mbele isikubali kuwaka kabla ya ile ya nyuma, maana loki ya mbele hufanya usukani uwe mzito na dereva anaweza kuiwasha bila kukusudia.

Kwenye mirija ndiko kazi nyingi huharibikia. Hewa inayotoka kwenye kichwa cha kompresa ni ya moto, kwa hiyo kipande cha kwanza hadi kwenye tangi la kuhifadhi hewa kiwe hozi iliyosukwa kwa waya wa chuma, chenye vali ya njia moja. Mrija wa nailoni uanzie baada ya solenoidi. Ikate nailoni kwa wembe mpya, mkato ukiwa mraba, kwani koleo huiminya na mdomo wake huwa yai, na kiungo hakitaziba hata ukikaze vipi. Kutoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli, acha mrija uwe na ulegevu wa kutosha springi zinapoachia kabisa, kisha uufunge kando ya hozi ya breki bila kuibana. Tangi nalo liwe na vali ya usalama na koki ya kumwagia maji upande wa chini.

Kagua kazi hiyo gari likiwa baridi. Jaza hewa, zima loki zote, paka maji ya sabuni kwenye viungo na uangalie kama kompresa inajiwasha tena ndani ya dakika 15; ikijiwasha, uvujaji uko upande wa tangi. Washa loki na urudie. Sasa kompresa ikianza kunguruma ilhali viungo vya nje havitoi povu, tumbukiza mwisho wa hozi ya kupumulia ya ekseli kwenye chupa ya maji: mapovu yanayopanda mfululizo yanaonyesha kwamba oringi za ndani zinapitisha. Dalili nyingine ni oili inayochungulia kwenye tundu la kutolea hewa la solenoidi kila unapozima loki.

Mwisho, weka kabari kwenye matairi ya mbele, inua ekseli ya nyuma juu ya stendi imara, ingiza gia injini ikiwa imezimwa, achia breki ya mkono, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. Loki ikiwa imezimwa, gurudumu la pili litazunguka kinyume. Ikiwa imewashwa, hakuna litakalosogea zaidi ya mchezo mdogo wa gia. Likiendelea kuzunguka, pima msukumo kwenye kiungo cha ekseli kabla ya kufikiria kufungua difu.