Ukipata karata kali kwenye poka ya mtandaoni usizifiche, beti

Wanangu, juzi usiku nimekaa hapa Kirumba kwa dogo wa chipsi, simu mkononi, nina 8 mbili, flopu (karata tatu za kwanza za mezani) ikashuka K ya kopa, 8 ya pau, 5 ya kopa. Seti hiyo, yaani 8 tatu! Ukiwa na pea mkononi seti inakuja kwenye flopu kama mara 1 kati ya 8 au 9 hivi, sasa mimi nikajifanya sina kitu, nikacheki (nikapita bila kubeti), jamaa naye akacheki, ya nne ikaja kopa, akabeti nikakoli (nikalipa dau lake), riva, ile karata ya tano na ya mwisho, vile vile, anafunua flashi, karata tano zote kopa. Iliniuma aisee.

Meza za dau dogo watu wanapenda kukoli, hawafoldi (hawatupi karata) kirahisi. Sasa mtu anataka kulipa unamzuia ya nini?

Kabla hujagusa kitufe jiulize huyu atanilipa akiwa na nini. Pale anaweza kuwa na K, au kopa mbili anasubiri moja imalizie. Huyo wa kopa zimebaki 9 kwenye karata 47 asizoziona, karibu asilimia 19 kwa karata inayofuata. Poti (pesa zote zilizowekwa mezani) ina 600, ukibeti 400 inabidi awe na nafasi ya kama asilimia 29 ndo imlipe, kwa hiyo akikoli amenunua kwa bei mbaya. Ukicheki umempa bure kabisa.

Halafu poti inakua kwa kuzidiana, hapa ndo wengi hawapaoni. Umebeti 400 akakoli, poti 1,400. Ya nne weka 900, imefika 3,200. Riva weka 2,000, mwenye K atanung'unika weee ila atakoli, 7,200 hiyo yako. Ukicheki mara mbili unafika riva na 600 ile ile, ukibeti 400 unaondoka na 1,400, karata ni zile zile! Ni sawa na kukesha ziwani usiku wa giza, dagaa wamejaa kwenye taa, na wavu hushushi.

Kopa ya tatu ikitua kwenye karata ya nne hapo punguza mwendo, ila akibeti kidogo koli tu, bado kuna karata 10 za kukupa fulu hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine) au 8 zote nne, na hizo zinaipiga flashi. Zisipokuja na mtu aliyekuwa anakoli kimya kimya akareizi (akapandisha dau) kwa nguvu riva, mwamini, foldi.

Kuficha kuna siku yake, mfano una K mbili na meza ni K, K, 4, hapo cheki umwache naye ashike kitu.

Na vitufe vya nusu poti na theluthi mbili vipange mapema, bando liwepo, maana sekunde ni chache na umeme wetu huu mnaujua, ukipotea hewani wakati umebetiwa zinafoldiwa zenyewe hata ungekuwa na seti.