Ukiishi Japani, tembea kama mkaazi

JR Pass, tiketi ya kupanda treni za shirika la JR bila kikomo kwa siku kadhaa, inayosifiwa sana mtandaoni, si yako wewe unayesoma au kufanya kazi Japani. Ni ya waliogongewa muhuri wa matembezi ya muda mfupi. Mwenye kadi ya ukaazi hauziwi, hata pasipoti yake iwe ya Kenya au Burundi. Ndugu akija kukutembelea, mnunulie yeye, nauli yako ipange kivyake.

Mkaazi ana tiketi nyingine ya JR, Seishun 18 Kippu. Inauzwa misimu ya likizo, ya siku 3 au 5 mfululizo, na licha ya hiyo 18 kwenye jina, hata mwenye mvi anaruhusiwa. Ni ya treni za kawaida na za haraka za JR, shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi, haimo. Kwa mwanafunzi mwenye muda kuliko fedha, ni mkombozi.

Usihamehame hoteli. Fikia Osaka, acha mizigo hapo, toka asubuhi na urudi usiku. Treni ya shinkaisoku, ambayo ni ya haraka ya JR, haina nyongeza juu ya nauli ya kawaida, na inakufikisha Kyoto kwa takriban nusu saa, Himeji kwa saa moja hivi.

Himeji ipe nusu siku. Mnara mkuu wa ngome ulikamilika 1609, na mabomu ya 1945 yaliyoteketeza mji hayakuuangusha. Weupe wake ni wa chokaa. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe atazijua kuta hizo kabla hajaelezwa. Mlangoni unavua viatu, unavibeba kwenye mfuko, kisha unapanda ngazi za mbao hadi ghorofa ya sita. Ngazi ni kali, mbao zimelainika kwa nyayo za watu, na soksi zinateleza. Mzee anayeumwa magoti apumzike uwanjani, ngome inapendeza hata kwa nje. Januari vaa soksi mbili, baridi ya ile sakafu inaingia mifupani.

Ukirudi, shuka Kobe. Msikiti wake ulifunguliwa 1935, ni mkongwe kuliko yote iliyopo Japani, na ulinusurika vita na tetemeko la 1995. Swali hapo, ule karibu na hapo, maana chakula halali hakipatikani kila mji. Kwingine uliza kabla ya kuagiza: supu ya tambi mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na mirin, pombe tamu ya kupikia, imo kwenye michuzi mingi.

Kyoto mchana inachosha, mabasi yanajaa pomoni. Hekalu la Fushimi Inari halina kiingilio wala halifungwi, kwa hiyo fika alfajiri. Nara kuna Buddha wa shaba wa Todaiji, mita 15 hivi kwenda juu, na kulungu wanaovuta shati wakiona biskuti. Zikiisha, waoneshe viganja vitupu.

Epuka kusafiri Golden Week (likizo za mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei), katikati ya Agosti na Mwaka Mpya.

Miyajima, kisiwa karibu na Hiroshima, ndiyo safari ya kulala nje. Asubuhi ingia makumbusho ya amani ya Hiroshima, ukae bila haraka, halafu kesho yake uvuke kwa feri. Kwanza tazama jedwali la maji. Yakijaa, lango jekundu la hekalu la Itsukushima linasimama baharini. Yakitoka, unalifikia kwa miguu. Siku za bamvua utaona yote mawili kwa kutwa moja. Siku za maji mafu, huenda usilifikie.